Mimba ya mbuzi isiuzwe kwa kukisia

Ukinunua mawese Rumonge, muuzaji anakupimia kwa bidoni mbele ya macho yako. Dagaa, au ndagala kama wanavyoitwa upande huu wa Ziwa Tanganyika, wanapanda mizani. Lakini ukitaka mbuzi jike wa kufuga unaambiwa "huyu ana mimba", bei inapanda, na kipimo mara nyingi ni kidole cha muuzaji kilichoelekezwa tumboni.

Tumbo hilo linaweza kuwa limejaa majani na maji tu. Yuko pia jike anayeacha kuonyesha joto, tumbo likakua, kumbe ndani mna majimaji bila mtoto. Siku moja yanamwagika, na mnunuzi amdai nani? Muuzaji yuko ng'ambo ya mpaka.

Altrasaundi inamaliza ubishi huu. Daktari wa mifugo anapaka jeli pale pasipo na manyoya karibu na kiwele, upande wa kulia, anagusisha kichwa cha mashine na kutazama kioo. Ni kazi ya dakika chache. Mimba huonekana kuanzia karibu siku ya 30, na kati ya siku ya 45 na 90 watoto huhesabika vizuri; baadaye wanakuwa wakubwa mno kuenea kwenye picha.

Mbuzi hubeba mimba siku 150 hivi, kwa hiyo anayejua umri wa mimba anajua pia siku ya kusafirisha. Kanuni za Shirika la Afya ya Wanyama Duniani zinasema mnyama aliye katika asilimia 10 ya mwisho ya mimba hafai kusafiri. Kwa mbuzi ni kama wiki mbili. Kumpakia huyo kwenye boti ya kwenda Baraka, au lori la kuvuka Mugina kuelekea Manyovu, ni kucheza kamari na mtaji.

Zipo mashine za kubeba mkononi zinazotumia betri. Rai yangu ni kwamba ziwekwe sokoni, si mpakani. Mpakani huduma hugeuka upesi kuwa ada nyingine, na atakayeumia ni mama anayevusha mbuzi wawili watatu. Vyama vya wafugaji na wafanyabiashara vichange vinunue moja, daktari aje siku ya soko, anayetaka alipie na apewe cheti chenye namba ya hereni, tarehe na umri wa mimba. Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo tangu 2022. Cheti cha Rumonge kikubalike Kigoma na Uvira bila kupima upya.

Lakini picha hiyo haionyeshi ugonjwa. Sotoka ya mbuzi na kondoo, iliyothibitishwa Burundi mapema 2018, huharibu mimba, na brusela vilevile. Jike mwenye watoto wawili kwenye kioo leo anaweza kuwatupa wiki ijayo. Kibali cha afya kibaki palepale, na asitokee mtu wa kuvusha mifugo kwa cheti cha mimba peke yake.