Ruzuku iliyochelewa ni hasara

Kati ya Februari 19 na Machi 23, 2020, kipimo cha bei za hisa cha S&P 500 cha Marekani kilianguka kwa asilimia 34. Wenye hisa walilia, na walikuwa na haki ya kulia. Lakini katika wiki hizo hizo kulikuwa na soko jingine lililoyumba, ambalo halina madalali wala bei za kutangazwa jioni. Hilo ni soko la fedha za asasi ndogo za mitaani, zile zinazogawa chakula, kutunza wazee na kusaidia familia zilizoshindwa kulipa kodi ya nyumba.

Katika soko hilo ugonjwa wa korona uligonga pande mbili kwa mpigo. Wenye shida waliongezeka ndani ya siku chache, wakati mapato yalikauka kwa kuwa hafla za kuchangisha fedha zilipigwa marufuku na wachangiaji wenyewe walikuwa wakipoteza kazi. Duka lingepandisha bei. Asasi haiwezi, kwa sababu mteja wake halipi kitu.

Jimbo la Washington ndilo lililoonja hali hiyo mapema. Kifo cha kwanza cha korona kutangazwa nchini Marekani kilitangazwa huko Februari 29, 2020, katika eneo la King ambamo mji wa Seattle umo. Machi 9, siku kumi kasoro moja baadaye, taasisi ya Seattle Foundation ikishirikiana na serikali za mitaa, United Way na makampuni kama Microsoft, Amazon na Starbucks ilitangaza mfuko wa dharura wenye dola milioni 2.5 za kuanzia. Kabla mwezi haujatimia, mfuko huo ulikuwa umeidhinisha zaidi ya dola milioni 10 kwa asasi zipatazo 120.

Kiasi hicho si kikubwa kwa vipimo vya Marekani. Kilicho na thamani hapo ni mwendo. Kwa kawaida asasi huandika maombi, hungoja kikao cha wafadhili, huulizwa maswali, kisha hungoja tena, na miezi sita hupita. Katika maradhi ya kuambukiza miezi sita ni mingi mno. Asasi isiyo na mishahara ya mwezi ujao hufukuza wafanyakazi, na ikishawafukuza, fedha zikija baadaye hukuta ofisi imefungwa na wanaowajua wahitaji kwa majina wametawanyika. Mfanyabiashara anaelewa jambo hili vizuri: dola elfu kumi siku ya kulipa mzigo zina kazi kubwa kuliko dola elfu ishirini baada ya mzigo kupigwa mnada.

Jambo la pili ni masharti. Ruzuku nyingi huja zikiwa zimefungwa: hizi za semina, hizi za vitabu, zisiguswe kwa mshahara wala kodi ya ofisi. Matokeo yake asasi hufunga mwaka bila akiba yoyote, na mfadhili yule yule huiita dhaifu. Machi 2020 mamia ya taasisi za misaada za Marekani zilitia saini ahadi ya kulegeza masharti hayo na kupunguza madai ya taarifa. Ilikuwa hatua nzuri, lakini pia ilikuwa ni kukiri kwamba masharti mengi hayakuwa ya lazima tangu mwanzo.

Wapo wanaosema mikopo ingetosha. Matukio ya mwaka ule yanawapinga. Mpango wa serikali ya Marekani wa kulinda mishahara, uliotengewa dola bilioni 349 na kupitia mabenki, ulifungua dirisha Aprili 3, 2020. Kufikia Aprili 16 fedha zote zilikuwa zimekwisha, na Bunge likalazimika kuongeza nyingine. Asasi ziliruhusiwa kuomba, na mkopo uliotumika kulipa mishahara uliweza kufutwa. Lakini aliyefika mbele ya foleni ni mwenye mhasibu wake na meneja wa benki anayemfahamu. Kikundi cha watu watano kinachopika chakula cha wazee hakina hata kimoja kati ya hivyo.

Deni hubebwa na mwenye mabega. Somo hilo lilitolewa Juni 2020 na taasisi ya Ford Foundation, yenye rasilimali za zaidi ya dola bilioni 12. Sheria huitaka taasisi ya namna hiyo itoe angalau asilimia 5 ya rasilimali zake kila mwaka. Ford haikutaka kuuza vitegauchumi vyake katika soko lenye wasiwasi, wala kukaa na sanduku lililofungwa wakati asasi inazozisaidia zinakufa. Hivyo iliuza hati fungani za dola bilioni moja: milioni 300 za miaka 30 kwa riba ya asilimia 2.415, na milioni 700 za miaka 50 kwa riba ya asilimia 2.815. Riba hiyo ni kama dola milioni 27 kwa mwaka, mzigo unaobebeka. Kwa upande mwingine, S&P 500 iliyofunga kwa 2,237 Machi 23 ilimaliza mwaka ikiwa 3,756. Aliyelazimika kuuza wakati wa hofu alikosa faida hiyo.

Wakosoaji watauliza kuhusu wizi. Swali ni halali, na jibu lake ni ukaguzi baada ya fedha kutoka, si foleni kabla ya fedha kutoka. Mfadhili anayezijua asasi za mtaa wake kwa miaka mingi ameshafanya nusu ya ukaguzi kabla dharura haijaingia. Asiyezijua hataokolewa na fomu ya kurasa arobaini.

Kwa wenye biashara hili si suala la huruma peke yake. Makampuni ya Seattle yalichangia mfuko ule yakijua kwamba mfanyakazi mwenye njaa na mteja aliyefukuzwa katika nyumba havijengi soko. Kwa hiyo kampuni au mwekezaji anayetoa misaada ana mambo mawili ya kufanya kabla dharura nyingine haijafika: kuziruhusu asasi anazozichangia ziweke akiba ya miezi mitatu ya matumizi, na kukubaliana nazo mapema ni nani ataidhinisha fedha na kwa siku ngapi. Makubaliano hayo hayafai kusubiri maradhi yaingie mjini.