Kadi ya mama haikuvuka mpaka wa jimbo

Ndugu Mhariri,

Mwaka jana nilimhamisha mama yangu kutoka Minnesota, akaja kwangu hapa Ohio. Nilidhani bima yake ya Medicaid ingehama naye. Tulipofika duka la dawa kadi ikakataliwa, na usiku ule mama akalala bila dawa yake ya presha. Sitausahau.

Ndugu zangu mnaoishi na wazazi huku Marekani, Medicaid haihamishiki. Serikali kuu huichangia, lakini kila jimbo huiendesha kwa masharti yake. Bima ya jimbo la zamani hufungwa, na mpya huombwa katika jimbo jipya. Ombeni mara tu mnapohamia: sheria hairuhusu jimbo kudai kwamba mzazi aishi hapo muda fulani kwanza, na jibu linapaswa kutoka ndani ya siku 45, au 90 iwapo ombi ni la ulemavu. Lakini Medicare ya kawaida, ile bima ya wazee, ni ya serikali kuu, hivyo hutumika majimbo yote.

Na dawa, jamani, chukueni za kutosha kabla ya safari!

Nawaomba viongozi wa jumuiya zetu walitangaze jambo hili misikitini na makanisani, kwa Kiswahili. Barua za ofisi huja kwa Kiingereza, na wengi wa wazee wetu hawawezi kuzisoma peke yao.

Msomaji wako,
Columbus, Ohio