Kompyuta inapogeuka tarishi: Nani anahakikisha faili limefika?

KWA miaka mingi ofisi za Upanga, jijini Dar es Salaam, zilimtegemea tarishi. Alibeba bahasha, akapita Fire kuelekea Kariakoo au akashuka hadi Posta, na aliporudi alikuwa na daftari lenye sahihi ya mpokeaji. Barua isiyokuwa na sahihi ilihesabiwa kuwa haijafika.

Leo sehemu kubwa ya kazi hiyo inaweza kufanywa na kompyuta. Programu ndogo hupewa jukumu la kuchunga folda moja usiku na mchana. Mhasibu anapohifadhi ankara ndani ya folda hiyo, programu huliona faili jipya na kulipeleka kwenye seva, iwe ipo chumba cha pili au ng'ambo, bila mtu yeyote kubonyeza kitufe.

Faida zake ni dhahiri. Hakuna tena flashi inayozunguka na virusi kutoka meza hadi meza, wala karani anayesahau kutunza nakala siku ya Ijumaa jioni. Aidha, nakala hubaki mbali na ofisi. Moto ulioteketeza Soko Kuu la Kariakoo usiku wa Julai 10, 2021 ulikumbusha hatari ya kuweka kila kitu chini ya paa moja.

Hata hivyo, katika kumstaafisha tarishi, ofisi nyingi zinaweza kujikuta zimelistaafisha na daftari lake la sahihi. Hapo ndipo penye tatizo, kwa sababu kutuma si kufika.

Kasoro ya kwanza ni pupa. Programu inaweza kuliona faili kabla halijamalizika kuandikwa, ikalituma nusu. Mathalani, picha ya mionzi ya mgonjwa ni faili kubwa linalochukua muda kuhifadhiwa. Upanga ndiko iliko Hospitali ya Taifa Muhimbili, na eneo hilo lina kliniki na maabara nyingi. Katika mazingira kama hayo, picha iliyokatika katikati inaweza kumrudisha mgonjwa kwenye foleni, au kumchelewesha daktari anayeisubiri. Dawa yake ni rahisi: faili liandikwe kwa jina la muda, na lipewe jina la kudumu likishakamilika, huku programu ikielekezwa kuyaacha mafaili yenye majina ya muda.

Kasoro ya pili ni kudhani kwamba mtandao upo siku zote. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu, na watumiaji wa intaneti nchini wakataabika kwa siku kadhaa. Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilikatika nchini kote na haikurejea hadi Novemba 3. Programu isiyojua kupanga foleni, kusubiri na kujaribu tena, ingeweza kuyapoteza mafaili ya siku zote hizo bila kumwambia mtu.

Kasoro ya tatu ndiyo mbaya zaidi, nayo ni ukimya. Tarishi akiugua, kiti chake huonekana kitupu. Programu ikisimama baada ya umeme kukatika, folda huendelea kupokea mafaili kama kawaida, na hakuna anayeshtuka hadi siku mkaguzi wa hesabu atakapouliza.

Kwa wanaotafuta mfano, hawahitaji kwenda mbali. Kariakoo imeishi na utaratibu unaofanana na huo tangu mwaka 2010, pale mashine za EFD zilipoanza kutumiwa na wafanyabiashara waliosajiliwa katika Kodi ya Ongezeko la Thamani (VAT). Mashine hizo hutuma taarifa za mauzo kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) zenyewe. Masuala ya kodi yamezua manung'uniko mengi sokoni hapo, hata maduka yakafungwa kwa migomo ya Mei 2023 na Juni 2024. Lakini kiufundi, waliotunga masharti ya mashine hizo hawakuuamini mtandao wala umeme. Walitaka kila mashine iwe na kumbukumbu isiyofutika inayodumu angalau miaka mitano, uwezo wa kufanya kazi saa 48 bila umeme, na taarifa ya mauzo inayojitoa yenyewe kila baada ya saa 24.

Kwa maneno mengine, Serikali ilipokuwa na fedha zake njiani, ilidai kumbukumbu, akiba na hesabu ya kila siku. Hakuna sababu ya mfanyabiashara au kliniki kudai pungufu ya hapo kwa ajili ya mali na wagonjwa wao.

Lipo pia suala la usalama wa njia yenyewe. Itifaki ya FTP, iliyobuniwa mwaka 1971, hupitisha neno la siri waziwazi. Mwaka 1995, baada ya maneno ya siri kunaswa katika mtandao wa chuo kikuu chake nchini Finland, Tatu Ylönen alibuni SSH, ambayo hufumba kila kinachopita. Anayetumia FTP tupu hadi leo anaacha mlango wazi kwa hiari yake. Na hata mlango uliofungwa huhitaji kukaguliwa: mwaka 2023 wahalifu walitumia ufa katika MOVEit, programu ya kuhamishia mafaili, kuiba taarifa za mashirika zaidi ya 2,000 duniani.

Nchini, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu kuzilinda. Mteja ambaye taarifa zake zimevuja hatafarijika kuambiwa kwamba ni kompyuta iliyozituma.

Kinachotakiwa si fedha nyingi. Seva irudishe uthibitisho kwamba faili limefika likiwa na ukubwa uleule na maudhui yaleyale. Faili la awali lisifutwe kabla ya uthibitisho huo. Kila asubuhi idadi ya yaliyotumwa ilinganishwe na idadi ya yaliyopokelewa, na tofauti ikitokea, taarifa imfikie mtu mwenye jina na wadhifa, si "idara ya kompyuta" kwa ujumla.

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Kompyuta nayo haiwezi kushitakiwa, kukatwa mshahara wala kuandikiwa barua ya onyo. Kwa hiyo ofisi inayoikabidhi kazi ya tarishi inapaswa kujua mapema ni nani atakayetia sahihi katika daftari la mapokezi.