Soja Akishapanda Ndege, Bunge Linaidhinisha Nini?

Wasee, kuna kifungu kimoja cha Katiba kila kijana anafaa kukijua kama namba yake ya simu: 240(8).

Kwa lugha ya mtaa kinasema hivi: Baraza la Usalama wa Taifa, yaani Rais na watu wengine 8, linaweza kutuma jeshi nje ya nchi, lakini kwa idhini ya Bunge. Hata kutangaza vita, Rais anahitaji idhini hiyo, soma kifungu cha 132. Mimi niliacha chuo, sina digrii ya sheria. Lakini hayo ni maneno machache tu, hayahitaji wakili.

Sasa cheki vile mambo huenda. Oktoba 2011, KDF iliingia Somalia, ile operesheni ya Linda Nchi. Mawaziri walitangaza, magari yakavuka mpaka. Ni Desemba ndio Bunge liliidhinisha masoja wetu wajiunge na AMISOM. Yaani watu wako vitani tayari, ndio unaulizwa kama waende. Mbunge gani atasema la hapo, aonekane amewatupa vijana wetu porini? Mtoto aliyezaliwa mwezi huo sasa ni tineja, na KDF bado iko Somalia.

Januari 2016, kambi yetu ya El Adde ikavamiwa. Rais wa Somalia wa wakati huo alisema waliokufa walikuwa karibu 200. Jeshi letu likakana, lakini idadi yake halikutoa. Fikiria hiyo: mzazi Mkenya anasikia hesabu ya majeneza kutoka kwa rais wa nchi nyingine.

Najua kuna mtu atasema, "Hizo ni siri za usalama, buda." Sawa. Njia watakayopita ni siri. Saa ya kushambulia ni siri. Lakini wanaenda kufanya nini, watarudi lini na wangapi wamekufa, hizo si siri, hiyo ni haki yetu. Na kama kuna kitu nyeti kabisa, Katiba inaruhusu Bunge kukaa bila umma. Kwa hivyo sababu ya kunyamaza haipo.

Na inawezekana. Novemba 2022, kabla KDF iende Goma, Bunge lilipiga kura kwanza. Lakini kura peke yake haitoshi. Angalia Haiti. Wabunge walipitisha polisi waende, Novemba 2023. Januari 2024, Mahakama Kuu ikasema Baraza halina nguvu ya kutuma polisi nje, kifungu hicho ni cha jeshi. Bunge lote lile, na mawakili wamejaa humo ndani, hawakuona? Ama hawakutaka kuona? Baadaye serikali ikasaini mkataba na Haiti, safari ikaendelea.

Kikosi cha kwanza kilitua Port-au-Prince Juni 25, 2024. Hiyo tarehe unaijua. Siku hiyo sisi tulikuwa barabarani, na KDF ikaitwa mjini. Idhini ya Bunge? Kesho yake. Tena imefuata nyuma kama mkia.

Kwa nini nakupigia hizi kelele? Kwa sababu anayetumwa ni wa umri wetu. Ni yule boy wa mtaa aliyejipanga uwanjani asubuhi na vyeti mkononi, akakimbizwa, akakaguliwa mpaka meno. Yeye amekubali kufa kwa ajili ya nchi. Kidogo tu anachodai ni mtu amuulizie maswali kabla ya ndege kuruka.

Mbunge wako akija kuomba kura, usimuulize barabara peke yake. Muulize: ukiletewa hoja ya kutuma majeshi, utauliza wanarudi lini? Utadai ripoti ya waliokufa? Uko tayari kusema la?

Akijibu kwa kucheka na kugawa leso, umepata jibu. Sambaza hii.