Risala ya Wagonga Kokoto na Mafundi Zege wa Kunduchi



Dar es Salaam inabomoa zege na kulitupa, kisha inafuata mawe mapya Lugoba, zaidi ya kilomita 100. Nyumba ikivunjwa, nondo hugombewa siku hiyohiyo. Kifusi humwagwa bondeni usiku, kikaziba mtaro, na masika yakija maji yanaingia vyumbani kwetu.

Kazi ya kukirudisha kifusi kwenye ujenzi tunaiweza. Tunalivunja zege kwa nyundo, tunatoa plasta, mbao na vigae, tunachekecha. Kokoto zake zimeng'ang'aniwa na saruji ya zamani, kwa hiyo zinafyonza maji kuliko za mwamba. Fundi asiyejua huongeza maji kwenye mchanganyiko, zege likakosa nguvu, lawama ikaangukia kokoto. Dawa ni kuzilowanisha tangu jana yake, ziingie kwenye mchanganyiko zimeshiba lakini hazichuruziki. Uingereza, viwango vinaruhusu hadi asilimia 20 ya kokoto kubwa za zege la kawaida zitokane na zege kuukuu. Sisi tunaambiwa ni takataka, tena na watu ambao hawajazipima.

Hatutaki kumdanganya mtu kwamba kokoto hizi peke yake zinaokoa mazingira: hewa ukaa nyingi ya zege hutoka kwenye saruji, mawe ya chokaa yanapochomwa kwenye tanuri linalofikia nyuzijoto 1,450 hivi. Anayezidisha saruji ili kufidia kokoto chafu ameiua faida yote. Ndiyo maana tunataka kokoto hizi zitumike pamoja na saruji yenye pozolana, udongo wa volkano unaopatikana Mbeya.

Tunadai nyaraka za zabuni za umma zitaje kokoto za kifusi, tukianza na sakafu, mitaro na njia za waenda kwa miguu. Nguzo na mihimili zisubiri vipimo. Tunadai kibali cha kubomoa kisitolewe kabla ya mwenye jengo kuonyesha kifusi kitapelekwa wapi. Tutengewe eneo la kukusanyia, na maabara itupimie sampuli kwa bei ambayo mgonga kokoto anaimudu. Vumbi nalo linatuua taratibu: akina mama wanaponda mawe wamejifunga khanga puani, watoto mgongoni. Tunataka mashine ya kusagia yenye kunyunyiza maji, na barakoa za kweli.

Tunaomba majibu kwa maandishi kabla ya zabuni za mwaka wa fedha ujao kutangazwa.