Hofu si dhambi, na mwenye wasiwasi hahitaji kukemewa



Mpendwa msomaji, katika jumuiya zetu kuna neno tunalolitamka kwa urahisi, nalo linaumiza sana. Mtu anaeleza kwamba halali usiku, moyo unamwenda mbio, anaogopa hata kutoka nje, wala hajui anaogopa nini. Kabla hajamaliza anajibiwa: "Wewe huna imani." Mwingine anaongeza kwamba hilo ni pepo. Mgonjwa huyo anarudi nyumbani na mizigo miwili: hofu aliyokuja nayo, na sasa hatia kwamba amemkosea Mungu. Leo naomba tulitafakari neno hilo, kwa maana naamini halitoki katika Injili.

Tuanze na nabii Eliya (1 Fal 19:1-8), ambaye habari zake tunazisikia katika Jumapili ya 19 ya Mwaka B. Eliya ametoka Karmeli, ambako mbele ya watu wote aliomba na moto ukashuka. Mara anapata ujumbe wa vitisho kutoka kwa malkia Yezebeli, naye anakimbia. Anatembea nyikani siku nzima, anaketi chini ya mti na kuomba afe. Je, huyu ndiye mtu asiye na imani?

Sasa tazama Mungu anavyomtendea. Hamkemei. Anamwacha alale. Malaika anamgusa na kumwonyesha mkate na maji. Eliya anakula, anakunywa, analala tena. Malaika anarudi mara ya pili na kumlisha, kwa sababu safari iliyo mbele yake inazidi nguvu zake. Baada ya usingizi, chakula na maji ndipo anapofika Horebu na kuzungumza na Bwana. Mungu alianza na mwili wa Eliya, maana ndiye aliyeuumba na anajua hofu inakaa wapi.

Inakaa wapi? Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo yenye umbo la lozi, ambayo wataalamu huiita amigdala. Kazi yake mojawapo ni kupiga kengele ya hatari. Ukiwa njiani ukaona kitu kimejikunja majanini, kengele hiyo inalia kabla hujajua kama ni nyoka au ni kamba. Ujumbe unakwenda haraka hadi kwenye tezi mbili zilizokaa juu ya figo, nazo zinamwaga homoni iitwayo adrenalini. Moyo unadunda, pumzi zinaongezeka, damu inakimbilia misuli, viganja vinatoa jasho. Mwaka 1915 mtaalamu wa Marekani, Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard, alichapisha kitabu kueleza jinsi mwili unavyojiandaa hivyo ama kupigana ama kukimbia.

Baada ya adrenalini hufuata homoni nyingine, kortisoli, ambayo hutoka katika tezi zilezile na kuongeza sukari katika damu ili mwili upate nguvu. Kortisoli hurudi pia kwenye ubongo na, hatari ikishapita, husaidia kuuambia kwamba sasa inatosha. Huo ni mpango mzuri wa Muumba. Bila hofu, watoto wetu wangecheza barabarani na sisi tungelala milango wazi.

Lakini kila kiungo cha mwili kinaweza kuugua. Shida ikidumu miezi na miaka, kama deni lisilolipika au ndoa yenye kipigo, kortisoli hukosa kupumzika, usingizi unapotea, na kengele inaanza kulia kwa jambo dogo. Wahenga waliliona hilo waliposema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ubongo umejifunza hatari, na kuusahaulisha si kazi ya siku moja.

Wakati mwingine chanzo ni tezi peke yake. Tezi ya shingoni, thairoidi, ikitoa homoni kupita kiasi, mtu hutetemeka mikono, hutokwa jasho, moyo humwenda mbio, hukonda ingawa anakula, na hujaa wasiwasi. Unaweza kumwombea usiku kucha, na ni vema kumwombea, lakini anahitaji pia kupimwa damu na kupewa dawa.

Mfikirie na mama aliyejifungua. Wakati wa ujauzito, homoni za estrojeni na projesteroni zilikuwa juu sana mwilini mwake. Kondo la nyuma likishatoka, zinaporomoka ndani ya siku chache. Projesteroni, inapovunjwavunjwa mwilini, hutoa kitu kinachotuliza ubongo, na utulivu huo nao hupungua ghafla. Akina mama wengi hulia na kuwa na wasiwasi siku za kwanza, kisha hali inatulia. Lakini ikipita wiki mbili haijatulia, apelekwe kituo cha afya. Akianza kusikia sauti, au kuogopa kwamba atajidhuru au atamdhuru mtoto, apelekwe siku hiyohiyo na asiachwe peke yake. Kumwambia mama huyo kwamba ana pepo, au kwamba hampendi mwanawe, ni ukatili hata kama tunaufanya tukiwa tumeshika Biblia.

Labda utasema: Padre, unatuletea mambo ya hospitali kanisani. La, ndugu yangu. Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, alifundisha kwamba hofu na huzuni ni misukumo ya nafsi inayoambatana na mabadiliko ya mwili, na kwamba kwa yenyewe si mema wala si mabaya. Kwa mwenye huzuni alitaja miongoni mwa tiba usingizi na kuoga. Katekisimu ya Kanisa Katoliki (namba 1673) inatuonya kwamba ugonjwa, hasa wa akili, ni jambo tofauti kabisa na kupagawa na pepo, na kwamba kuutibu ni kazi ya sayansi ya tiba. Ndiyo maana kabla ya ibada kuu ya kupunga pepo, ambayo hufanywa tu na padre aliyeruhusiwa na askofu, lazima kuhakikisha kwanza kwamba si ugonjwa. Na Yoshua bin Sira, sura ya 38, anatufundisha kumheshimu tabibu, kwa kuwa naye ametoka kwa Bwana.

Wapo wanaouliza: mbona Biblia inatukataza kuogopa? Soma vizuri, utaona maneno hayo yanasemwaje. Malaika Gabrieli alimtuliza Bikira Maria, kisha akamweleza na kujibu swali lake. Yalikuwa maneno ya faraja. Sisi tumeyageuza kuwa mashtaka.

Kisha nenda Getsemani. Bwana wetu, Mungu kweli na mtu kweli, alifadhaika. Luka, anayetajwa na Mtume Paulo kuwa tabibu, anaeleza jasho lake lilivyodondoka. Mwili alioutwaa kwa Bikira Maria ulikuwa na figo na tezi kama zetu, na moyo wake ulidunda usiku ule. Hakutenda dhambi. Alimwomba Baba, na aliwaomba rafiki zake wakeshe naye. Baba alimtuma malaika amtie nguvu. Rafiki walilala.

Msomaji, hapo ndipo swali linatugeukia sisi. Ndani ya familia yako au jumuiya yako yupo mtu aliye Getsemani yake. Usimhukumu. Kaa naye, umsikilize, kisha umsindikize hospitali, maana mwenye hofu mara nyingi huogopa hata kwenda kutibiwa. Kama anatumia dawa, asiziache kwa sababu ameombewa na kuambiwa amepona. Azungumze kwanza na daktari wake.

Kama mwenye hofu ni wewe, nakuambia kama padre: dhambi huhitaji ridhaa ya utashi wako. Hofu inayokujia usiku bila wewe kuiita si jambo la kuungama. Nenda utibiwe, wala usiache kusali. Mwaka 2001 watafiti wakiongozwa na Luciano Bernardi wa Italia walichapisha katika British Medical Journal matokeo ya watu 23 waliosali Salamu Maria kwa Kilatini. Pumzi zao zilitulia hadi kama 6 kwa dakika, na mapigo ya moyo yakafuata mwendo huo. Rozari haishindani na dawa. Zote mbili zaweza kukaa juu ya meza moja kando ya kitanda chako.

Juma hili, kabla ya kumwambia mtu kwamba hana imani, mwulize maswali ambayo malaika angemwuliza Eliya: Umelala? Umekula? Nani yuko nawe?

Bwana awatulize wote wanaokesha kwa hofu, na atufanye sisi kuwa malaika wao. Dominika njema.