Gitaa Moja Linatosha
Kila juma mnaniuliza: Zaïko Langa Langa ao OK Jazz ya Franco? Zote nazipenda, na «Mario» ya mwaka 1985 sijaichoka bado. Lakini kwangu mimi wa kwanza ni Mwenda Jean-Bosco, mtoto wa Katanga. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi kule Jadotville, Likasi ya leo, akipiga «Masanga»: mtu mmoja, gitaa moja, bila orkestra. Na katika nyimbo zake aliimba kwa Kiswahili. Ndugu zetu waliokimbia vita Nyunzu na Manono walifika hapa mikono mitupu, na si wote wanaosikia Kilingala. Sisi wa redio tuwapigie pia nyimbo wanazozielewa. Mzee akisikia lugha yake, anasogeza kiti karibu na redio.